Kichaka Juu ya Cherehani

Sajini Bolingo alikuwa amekwisha kupiga magoti na kukishika kichaka cha uani kwa mikono miwili Talitha alipotoka jikoni mbio, mwiko mkononi.

"Mama, hii maua iko kitoko!" alisema askari, akiusifu uzuri wake. "Minataka kuingola na mizizi yake yote, niipande ku kambi."

Chini ya mizizi hiyo Talitha alikuwa amefukia cherehani yake, imepakwa mafuta na kuviringishwa kwenye plastiki. Ndiyo iliyomlisha tangu afiwe na mume, kwa kuwashonea wanakwaya wa Kimethodisti pale Kamina. Vita vilipoanza, askari waliorudi kutoka mstari wa mbele walibeba redio, magodoro, hata milango. Basi aliifukia mvua zilipoanza, na ili udongo mbichi usimsaliti, akapanda juu yake kichaka kifupi kinachotambaa, majani ya kijani yenye kingo nyeupe. Kosa lake lilikuwa kukipenda. Alikinywesha maji ya kuoshea mchele, akakipogoa kila Jumamosi, kikatanda kama mkeka. Kizuri chajiuza, na sasa mnunuzi alikuwa amekuja na bunduki.

"Papa sajini, weye unataka kuiua?" alifoka, akajishangaa mwenyewe. "Mama yao, hatumungolake na mizizi! Angalia." Alichuchumaa, akainua tawi lililolala chini, ambalo tayari lilikuwa limeotesha mizizi yake. "Huyu njo mutoto. Kamata huyu."

Akaleta kisu kutoka jikoni, akalikata, akalipanda ndani ya kopo la maziwa. Bolingo alilipokea kwa mikono miwili, akatabasamu mpaka Talitha naye akacheka.

Majuma machache baadaye askari waliuhama mji asubuhi moja, kila mtu na mzigo wake. Bolingo alipita uani mbio, bila kofia, kopo kifuani.

"Mama, ku njia itakufa. Unichungie."

Akaenda zake. Talitha alimcheka, kisha akajikuta anamlilia.

Mji ulipotulia alikisogeza kichaka taratibu na udongo wake, akaitoa cherehani. Gurudumu lilizunguka. Alikirudisha kichaka mahali pake, akampanda yule mtoto wa kopo kando yake. Jioni hiyo kitu cha kwanza alichoshona kilikuwa utepe mwekundu, mwembamba, uliopindwa kingo vizuri. Akaufunga kwenye mche wa sajini, ili siku akirudi autambue ulio wake.