Baruti Iliyolala Santa Quiteria

Hapa Santa Quiteria baruti ikikosa kulipuka hatusemi imekufa. Tunasema imelala. Ukisema imekufa, wa zamu inayofuata ataichoma kwa drili bila wasiwasi, na ndivyo nilivyomzika mume wangu Nazario, nusu yake. Na anayetamka kwamba imelala haendi nyumbani. Hubaki nayo mpaka aioshe kwa maji itoke shimoni.

Mimi ndiye nigawaye taa mdomoni mwa mgodi. Wakilipua hushika rozari, kila mshindo punje moja, kwa ajili ya walio chini. Mkesha wa Mtakatifu Lorenzo mashimo ya baruti yalikuwa manane. Nikasali Salamu Maria saba, nikangoja. Kimya.

Eleuterio, mdogo wake Nazario, akapanda na zamu yake, mbio mbio, akimwahi jogoo wake wa kupiganisha kwenye sikukuu. Mwanangu Ciriaco na wenzake wa zamu inayofuata wakaingia kizimbani, lifti ya kushukia mgodini.

"Zote zimelia, baba mdogo?"

"Zote. Shukeni."

Kizimba kikashuka.

"Shemeji," nikamwambia, "nimesikia saba."

"Masikio yako yamejaa nta ya mishumaa, shemeji." Wenzake wakacheka.

Nikamkamata ukosi. "Kuna iliyolala?"

"Niache, mama we!" Akanisukuma, nikaangukia mawe, kiwiko kikachanika. Nikainuka na koleo. Mungu anisamehe, sikutumia bapa lake. Pigo la kwanza lilishuka mdomoni, meno mawili yakaenda. La pili gotini. Nikanyanyua koleo mara ya tatu.

"Imelala!" akalia. "Moja, ya chini kushoto!"

Mtu wa winchi inayoshusha kizimba akaruka kwenye kengele ya kusimamisha. Kizimba kilikuwa kimebakiza mita chache kufika chini. Kikarudi juu, na waliokuwa wakicheka wakawa wanamkanyaga Eleuterio mbavu.

Ciriaco alipoelewa akamburuta kwa nywele hadi mlangoni pa kizimba. "Ningeitoboa! Ungekula sikukuu kwenye matanga yangu?"

"Nilidhani mtaiona..."

Akambamiza uso kwenye nondo za mlango, mara mbili. Nikamshika mkono.

"Mwache. Anahitaji macho ya kuiosha."

Wakamtia mpira wa maji kifuani. Akanitazama, damu inamchuruzika kidevuni. "Shemeji, niombee."

"Nitakuombea. Shuka."

Akapanda baada ya saa nzima, amelowa. Hakuna aliyemsalimu. Ciriaco akaupokea mpira mikononi mwake, akauweka kando, akaingia kizimbani kuanza zamu.