Eti Ndivyo Alivyo

Dada yangu ni fundi cherehani, na tangu utotoni tulimwita Wasiwasi. Kitambaa hakikati mpaka akipime mara tatu. Akifunga mlango, lazima arudi kuutikisa. Tulimcheka, naye alicheka nasi.

Kiharusi kilimkuta akiwa kwenye mashine. Mkono wa kulia ukalegea, mdomo ukaenda upande. Alitoka hospitali akiburuta mguu, madaktari wakatuambia tushukuru. Tukashukuru. Lakini nyumbani akaacha kula, akaacha kuoga, akawa anageukia ukutani kutwa nzima.

Mumewe, miguu kaipandisha kwenye meza ya sebuleni, akaniambia, "Shemeji, humjui dada yako? Ndivyo alivyo. Anapenda kujitia presha."

"Analia asubuhi mpaka jioni!"

"Atazoea."

Nikampeleka kliniki mwenyewe. Daktari akampima presha, akasema inakwenda vizuri. Nilipomweleza habari ya kulia, akauliza huku macho yakiwa kwenye kompyuta, "Kabla ya kuugua alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mtu wa hofu nyingi."

"Basi ndiyo hulka yake," akasema, akamwita mgonjwa mwingine.

Damu ikanichemka. "Yaani kwa kuwa kazaliwa na hofu, akiugua rohoni aachwe tu? Si ndiye wa kuangaliwa zaidi?" Muuguzi akaniomba nipunguze sauti. Sikupunguza. "Na muulizeni mwenyewe! Mnamsema kama kiti, naye yupo hapa!"

Hapo ndipo daktari alipomgeukia. "Mama, unalala?"

Dada akajibu polepole, ulimi bado mzito. "Silali. Na nikilala, naomba nisiamke."

Daktari akavua miwani, akasogeza kiti karibu naye. Akatueleza kwamba hiyo ni sonona, huwapata wengi baada ya kiharusi, na mwenye hulka ya hofu yuko hatarini zaidi. "Nilipaswa kuuliza mapema," akasema. Kwangu haikutosha, na nilimwambia hivyo.

Dada akaanzishiwa dawa, akapewa pia mshauri wa kuzungumza naye kila wiki. Nafuu ilikuja kwa kujivuta. Siku hizi anaoga mwenyewe, ananigombeza nikizidisha chumvi, na juzi alishona kifungo kwa mkono wa kushoto, kikakaa kombo.

Shemeji naye anawatangazia watu kwamba ni yeye aliyehangaika na mkewe kliniki. Siku akithubutu kuyasema mbele yangu, atanitambua.