Kopo la Tatu Kutoka Kushoto

Katika karakana ya baba mkwe wake, nyaya za baiskeli zilikuwa na ukoo. Waya wa breki, mnene, wenye kichwa cha risasi kilichojaa, mzee aliuita Babu. Waya wa gia, mwembamba, kichwa chake kama punje ya mchele, aliuita Mjukuu.

"Babu anazuia, Mjukuu anakimbia," alizoea kumwambia mke wa mwanawe alipokuwa akimfundisha kazi. "Ukiwachanganya hao, mwanangu, umezika mtu."

Asubuhi hiyo mke huyo wa mwanawe alikuwa anafagia chini ya meza ya kazi. Mumewe alikuwa ameondoka punde tu kumpeleka binti yao wa miaka mitatu chekechea, mtoto kwenye kiti cha nyuma cha ile baiskeli ya mashindano ya zamani, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Waya wa breki ya mbele ulikuwa umechakaa, na kabla hawajaondoka mzee aliubadilisha huku akitaniana na mjukuu wake.

"Mke wangu, unaniacha unakwenda na huyu kijana?"

"Huyu baba."

"Ndivyo mnavyosema wote."

Walicheka, wakaondoka. Sasa, katikati ya vumbi na vipande vya mpira, mama mtu akaokota ncha ya waya iliyokatwa kwa plaisi. Akaiviringisha kati ya vidole. Akaiviringisha tena. Ilikuwa nyembamba.

Akainua macho kwenye rafu. Makopo kumi na mawili ya maziwa yalikuwa yamejipanga kama wanafunzi mstarini. Ni yeye aliyeyapanga upya jana jioni, kama alivyofundishwa kwenye masomo yake ya jioni: kila kopo na jina lake, yote kwa alfabeti. Bolti. Breki. Gia. Kofia, vile vifuniko vidogo vya ncha za mpira wa waya. Mzee alisimama mbele ya kazi hiyo, mikono nyuma, akasema, "Umeandika vizuri sana, mwanangu." Usiku huo mama mtu alilala na furaha, akiota kibao cha karakana kilichopakwa rangi juu ya mlango.

"Baba," aliuliza, "ule waya wa breki umeutoa kopo gani?"

"Lile lile. La tatu kutoka kushoto. Miaka thelathini mkono unakwenda wenyewe."

La tatu liliandikwa GIA, kwa herufi kubwa, kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Na vidole havikusikia wembamba?"

Mzee alitazama ncha za vidole vyake, ngumu kama soli. "Hivi vilishakufa ganzi siku nyingi. Niliuvuta, ukashika. Kwani kuna nini?"

Mama mtu akautupa ufagio. Alikuwa anakiona: kichwa kidogo ndani ya mkono wa breki uliotengenezwa kwa kichwa kikubwa. Kitakaa. Kitashika mara tatu, mara nne, kikijichimbia kidogo kidogo, na mtu akija kubana kwa nguvu zake zote kitapenya tunduni kama ushanga. Na kabla ya kufika chekechea kulikuwa na mteremko, na mwisho wa mteremko, barabara ya malori.

Alipiga simu. Iliita mpaka ikakata. Mumewe hapokei simu akiwa anaendesha. Yeye mwenyewe ndiye aliyemkataza.

Akachukua baiskeli ya kwanza iliyokuwa mlangoni, ya mteja, akatoka.

Alipofika kileleni mwa kilima, kifua kinawaka, aliwaona. Walikuwa wameanza kushuka taratibu, kofia ya pinki ya mtoto ikitikisika. Sauti ingewafikia. Akafungua kinywa, kisha akakifumba. Alimjua mumewe. Akisikia mkewe anapiga yowe nyuma yake, atabana breki zote mbili kwa mikono yote miwili.

Basi akanyamaza. Akashuka nyuma yao kimya, huku kila mshipa wa mwili wake ukitaka kupiga kelele, mpaka akawa ubavuni mwao.

"Mama," mtoto alisema, akafurahi.

"Mnakwenda kama maharusi," akamwambia mumewe, akitabasamu kwa ajili ya mtoto. "Sasa nisikilize. Breki ya mbele usiiguse. Ya nyuma tu, kidogo kidogo."

"Umenikimbilia mpaka huku kunifundisha baisk—" Akamtazama usoni. Utani ukamfia mdomoni.

Breki ya nyuma ililia. Chini yao lori lilipita, kisha jingine, na upepo wake ukawapiga usoni. Walisimama hatua kumi kutoka lami. Alimtoa mtoto kitini, akambana kifuani. Ndipo mumewe akaubana ule mkono wa mbele, safari hii kwa nguvu. Kitu kilisema *tk*. Mkono ukalegea, ukalala kwenye usukani kama kitu kilichokufa.

Mumewe akamchukua mtoto, wakaendelea kwa miguu. Yeye akarudi karakana.

Mzee alimsikiliza akiwa ameketi, gazeti limekunjwa magotini.

"Mwanangu," alisema, "mimi herufi sizijui."

"Lakini gazeti, baba, kila siku..."

"Naangalia picha."

Hakuthubutu kumtazama. Si heshima kumtazama mkwe akiwa amevuliwa nguo namna hiyo. Akageukia rafu, akaanza kuyarudisha makopo mahali pake pa zamani, moja baada ya moja. Alipofika kwenye kopo la gia mkono wake ukasimama.

"Baba. Leo umefunga waya mmoja tu?"

Mzee akayatazama makopo.

"Alfajiri, kabla hamjaamka," mzee alisema polepole, "alipita muuza mkate. Anapanda kilimani na kreti zake. Nilimfungia breki zote mbili."

"Akimaliza kuuza anarudi kwa njia gani?"

"Kwani iko nyingine? Anashuka na hiyo hiyo."

Mzee alikuwa ameshainuka, gazeti limeanguka. Walitoka wote wawili mpaka mlangoni, yeye na baiskeli ya mteja mkononi, wakainua macho. Barabara ya kilimani ilikuwa bado tupu.