Hatua Mia Zilizobaki

Mvua ya Machi ilimega msingi wa nyumba ya Nyanjige upande wa jikoni. Maji yalitoka kwenye ghala jipya la pamba, lililojengwa upande wa juu wa kiwanja chake pale Kasoli baada ya serikali kuruhusu kampuni binafsi kununua pamba. Msimamizi wa ghala, Januarius, alimshauri ahame, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, hapa ni bondeni. Maji hayana mwenyewe."

"Mwenyewe namwona. Nimezalia watoto sita hapa, sakafu ikiwa kavu."

Mvua iliyofuata aliweka sufuria uani. Ilipokatika alipima maji kwa vidole: vitatu. Akapima paa la ghala kwa hatua: thelathini kwa kumi na mbili. Jaruba la mpunga alijua kulipanga, lakini jaruba hutunza maji. Shimo alilotaka kuchimba lilipaswa kuyazamisha ardhini yaishe kabla ya kesho. Udongo wake ulikuwa wa kichanga. Ndoo mbili alizomwaga asubuhi kwenye kishimo cha kujaribia zilikuwa zimezama kufikia jioni. Shimo likiwa na kina cha vidole kumi na nane, eneo lake lingekuwa sehemu ya sita ya paa: hatua sitini za mraba.

Alilichimba na binti yake Kabula kwa siku tisa, wakapanda nyasi za mabingobingo ndani. Aprili likajaa na kufurika. Jikoni maji yalifika kwenye mafiga.

"Umechimba bwawa la bata, mayu?" Januarius aliuliza, akicheka.

Nyanjige alikanyaga ua wa ghala kwa kisigino, hakikuacha alama. Shambani ardhi hunywa, naye alikuwa ameuhesabu ua kama shamba. Malori yalikuwa yameushindilia, ukawa paa jingine: hatua thelathini kwa ishirini, na sehemu yake ya sita ni mia. Jumla, shimo lilihitaji hatua mia na sitini. Kiwanja chake hakikuwa na nafasi zaidi. Mia zilizobaki ziliangukia uani kwa kampuni.

"Hapo malori hugeuzia," Januarius alisema alipoombwa nafasi hiyo. "Haiwezekani."

Juni, siku ya kwanza ya ununuzi, Nyanjige alisimamisha mkokoteni wake wa ng'ombe katikati ya lango. Hakushusha pamba. Alishusha jembe, akaanza kuchimba ndani ya ua.

"Mayu, ondoa mkokoteni. Watu wanasubiri," Januarius alisema.

"Nikimaliza. Ukinifukuza, ng'ambo ya barabara kuna kampuni nyingine, nayo ina mizani. Si mlituambia ni soko huria?"

Nyuma yake mikokoteni saba ilikuwa imesimama. Masele, jirani yake, aliruka chini kutoka kwenye mkokoteni wake.

"Jembe moja litakufikisha Krismasi, shemeji. Ngoja nichukue langu."

Watu wakacheka. Wawili wakamfuata. Januarius aliitazama mikokoteni, kisha ng'ambo ya barabara.

"Na malori yageuzie wapi?"

"Hilo pima wewe," Nyanjige alisema, bila kuinua kichwa.

Saa sita lori la kwanza lilipofika, Nyanjige alisogeza mkokoteni, nalo likaingia kinyumenyume.