Mbao za Pengo

Tuta la kuzuia maji lilikuwa na pengo, na mto ulikuwa unapanda. Pengo lenyewe walilikata watu wa manispaa wakati wa kiangazi, upana wa kupita lori, ili wananchi washuke kwenye bustani mpya ya kando ya mto. Nyumba ya mama mkwe wangu ilitazamana nalo. Miguu yake ilikuwa imepooza, na mke wangu alishinda huko akimhudumia.

Mpango wa kuliziba haukuwa na ufundi mwingi. Kila upande wa pengo walisimamisha nguzo ya chuma yenye mfereji. Maji yakipanda, mbao nane nene zinatelezeshwa kwenye mifereji hiyo, moja juu ya nyingine, pengo linageuka ukuta. Mbao zilitakiwa kukaa stoo, palepale chini ya tuta.

Mvua ilipokataa kukatika, tuliitwa ukumbini kujadili kama pengo libaki au lifukiwe. Mwenyekiti wa mtaa ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, na bustani ile aliipenda kama kitinda mimba wake.

"Bwawa la huko juu limejaa," alisema mama mmoja muuza mboga. "Wakifungua milango yake, maji hayapigi hodi."

"Ndiyo maana tuna mbao, dada yangu," shemeji akajibu.

"Ziko wapi?"

"Zipo."

"Hata maji ya bomba yapo," mzee mmoja akadakia kutoka nyuma, na ukumbi mzima ukacheka.

Nilicheka na mimi. Kazi yangu ni kutengeneza makochi, na mkono wangu haujui kutulia juu ya kiti. Ukapapasa chini ya benchi nililokalia. Ubao ulikuwa mnene kuliko benchi lolote. Nikainama. Ubavuni ulikuwa na namba ya rangi nyekundu. Benchi la mbele yangu nalo lilikuwa na namba.

Kikao kilipoisha nikamvuta shemeji pembeni.

"Shem, tumekalia mbao za pengo."

"Punguza sauti. Viti havikutosha, vijana wakazipigilia miguu. Kura ikipita zinarudi stoo."

"Basi nimchukue mama akae kwangu mpaka hapo."

Akanishika mkono. "Ukimhamisha mama, watasema mwenyekiti mwenyewe haliamini tuta lake. Keshokutwa tunapiga kura. Usiniue, shemeji."

Nilikwenda kwa mama hivyo hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu amesema nikae, nitakaa. Wewe mkwe wangu kashone makochi yako." Mke wangu akaendelea kumpangusa miguu kwa kitambaa. Usingizi ulinipaa. Nilikuwa nikisikia mvua juu ya bati nahesabu mbao.

Asubuhi ya kura king'ora cha bwawa kililia. Walikuwa wamefungua milango.

Nilimkuta shemeji mlangoni mwa ukumbi, funguo zinamdondoka. Tuligeuza mabenchi, tukaanza kung'oa miguu. Wale vijana walikuwa wametumia misumari mirefu na kuikunja ncha kwa ndani, kazi safi kabisa. Tulipozifikisha kwenye pengo, mbao mbili za kwanza ziliingia. Ya tatu ikakwama nusu, msumari umeng'ata chuma. Maji yalikuwa yameshafika hapo, ya rangi ya udongo, yanapita juu yake bila kelele. Hicho ndicho kilichonitisha, ule ukimya.

Shemeji alikuwa anaugonga ubao na kuusemesha. "Ingia. Ingia, nakuomba."

Nilimwacha hapo, nikakimbilia kwa mama.

Ndani ya nyumba maji yalikuwa magotini. Mke wangu alikuwa amempandisha mama juu ya meza.

"Mwanangu yuko wapi?" mama akauliza.

"Anaziba pengo, mama."

"Basi maji yatakoma sasa hivi. Niacheni." Akazishika nondo za dirisha.

Mke wangu alimbandua kidole kimoja kimoja, analia, anamwita mama, mama. Nilimbeba mgongoni. Tulipotoka, maji yalikuwa kifuani, na kwenye kona ya uzio yakatupiga ubavuni. Nilishika waya kwa mkono mmoja, mke wangu kwa mwingine. Mama alikuwa amejishikilia mwenyewe shingoni kwangu. Nikahisi mikono yake inalegea, kisha shingo ikawa nyepesi.

Maji yaliporudi mtoni tulimkuta bustanini, chini ya bembea mpya.

Mtaa ulipoteza nyumba kumi na tisa na nusu ya tuta. Kura haikupigwa. Mimi nilipoteza karakana, cherehani, na makochi ya watu. Shemeji alipoteza vidole viwili, vilivyobanwa kati ya ubao na chuma. Mke wangu alipoteza mama, na kaka pia, maana wakikutana njiani hawasalimiani.