Karafuu ya Mzee Pandu

"Picha haitoshi kuchongea nakala, shangazi," Sufian alimwambia Mwanahija siku ile, barazani kwao Unguja. "Wachina wanataka kitu chenyewe. Mimi ndiye ninayekaa nao Guangzhou, nawajua."

Shangazi akaufunga ubao ndani ya kanga yake, mafundo mawili. "Haya, bwana mkubwa. Lakini uurudishe huu huu."

"Kwani nitaula?"

Nyumba yao ilikuwa ya mbao tupu, kuanzia sakafu hadi darini. Aliijenga Mwingereza mmoja wa waya za simu za baharini, enzi za Malkia Victoria, na mbao zake zilikuja kwa meli zikiwa zimekwisha kuchongwa maua ya kwao, ya kuizunguka baraza nzima. Ubao mmoja ukafika umevunjika. Akaitwa seremala Pandu, babu yake Mwanahija, achonge mwingine. Pandu akachonga maua yale yale, ila pembeni, bila kumuuliza mtu, akatia kikonyo kimoja cha karafuu. Mwingereza hakuona, au aliona akanyamaza. Miaka ilipita, Mwingereza akauza arudi kwao, na aliyeinunua nyumba alikuwa Pandu.

Mchwa na mvua viliyala maua yote ya Mwingereza. Ubao wa Pandu ukabaki peke yake. Nyumba ilikuwa imeorodheshwa kuwa urithi, na wakaguzi walisema wazi: nakala zinaruhusiwa, mradi ubao huo wa asili urudi mahali pake. Usiporudi, nyumba inafutwa kwenye orodha. Ikifutwa, binamu zake Sufian walikuwa na mnunuzi wa kiwanja tayari, na mnunuzi hakuwa na haja na mbao.

Yote hayo Sufian aliyajua. Aliyajua siku alipoupeleka ubao kwa fundi Mchina aitwaye Luo, mtaa wa Kangle mjini Guangzhou, nyuma ya soko la vitambaa, kwenye karakana inayotengeneza henga na rafu za maduka ya nguo. Akauweka juu ya meza, akanyoosha vidole kumi mara mbili, akasema, "Laoban," yaani bosi, "kama huu," akaondoka kifua mbele.

Sasa alirudi na Macharia, mfanyabiashara mwenzake wa Nairobi, aje ashuhudie. Nakala ishirini zilikuwa zimeegemezwa ukutani, nyeupe, zanukia mbao mbichi. Luo alitabasamu kama baba wa bibi harusi.

"Manze, hii ni kazi safi," alisema Macharia.

"Na ubao wangu?"

Luo hakuelewa. Macharia akauliza kwa Kichina, akajibiwa, akakuna kichwa. "Anauliza, ubao gani?"

"Ule niliomletea!"

Luo akaingia nyuma, akarudi na vipande vitatu. Kitanda cha mashine kilikuwa kifupi, ndiyo maana wakaukata. Rangi ya kale ilificha mistari, ndiyo maana wakauparua. Karafuu ilikuwa imepasuliwa katikati na msumeno.

Sufian alimrukia, Macharia akamdaka kiunoni. "Mwizi! Mharibifu! Nani alikutuma kukata?"

"Buda, tulia. Tulia nikuambie." Macharia alipunguza sauti. "Wewe ukimwachia fundi gauni la sampuli hapa Kangle, huwa analifanya nini?"

Sufian aliishi kwa biashara ya magauni. Kila msimu aliacha gauni, na mafundi walilifumua mshono kwa mshono wapate ruwaza. Hakuwahi hata mara moja kuulizia gauni lake. Sampuli ni ya kukatwa. Hakuna aliyejua hilo kuliko yeye.

"Si tuchukue moja ya hizi mpya," Macharia alinong'ona, "tuipake chai ya rangi, tuisugue na vumbi? Wale wakaguzi watajuaje?"

Wazo lile lilimkaa Sufian kwa muda mrefu kuliko alivyopenda. Kisha simu ikaita. Shangazi.

"We Sufian, nimeshapafagia mahali pake. Umeuchukua?"

Angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni.

"Wameukata, shangazi. Sikuwaambia nautaka. Sikuwaambia chochote."

 Jogoo wa jirani alisikika akiwika upande wa pili.

"Na karafuu?"

Akatazama ukutani. Mashine haikujua kuwa Pandu aliiiba nafasi ile mara moja tu. Ilikuwa imeichonga karafuu kwenye kila ubao, mahali pale pale.

"Zipo ishirini."

"Mimi nilikuwa na moja," Mwanahija alisema, akakata simu.

Sufian aliitoa begani kanga ya shangazi. Akaweka vipande vitatu ndani, akafunga mafundo mawili kama alivyofunga shangazi. Alipouinua mzigo, vipande viligongana. Akaukumbatia visisikike, akatoka nao, nakala zikabaki ukutani.