Mkono Uliosikia Nyuzi za Juu

Mwalimu wa kwaya alipopiga simu kusema piano ya ukumbi imeharibika sauti na Jumamosi wanaimba, binti wa marehemu fundi wa piano, sasa fundi yeye mwenyewe, aliitikia vizuri, akakata simu, kisha akabaki ameduwaa jikoni kama aliyemwagiwa maji. Piano ile ndiyo ya mwisho baba yake kuishika. Akizikaza nyuzi zake upya, kazi ya mwisho ya mikono ya baba itafutika, na atakayeifuta ni yeye.

Mama yake alikuwa anamenya vitunguu. Hakuinua uso.

"Usiiguse."

"Mama, watu wanataka kuimba."

"Waimbe kwa makofi."

Lakini asubuhi mama ndiye aliyetangulia mlangoni, viatu mguuni, mkoba kwapani. "Twende. Kama ni kuagwa, nami niwepo."

Ukumbini mwalimu wa kwaya alimwamkia mama shikamoo, akamvutia kiti karibu na dirisha, akawaacha. Binti alifungua kifuniko cha piano na kuweka juu yake kifaa chake cha kupimia sauti, kisahani cheusi chenye mstari wa taa. Taa zikikimbilia kulia, uzi umekazwa mno. Zikikimbilia kushoto, umelegea. Zikisimama, umefika.

Baba alikuwa amekipa kifaa hicho jina la Bwana Taa. Yeye mwenyewe hakukihitaji. Alipiga nyuzi mbili kwa pamoja, akazisikiliza zinavyogombana, waa-waa-waa, akageuza spana taratibu mpaka ugomvi uishe. Na yeye na binti yake hawakuacha kubishana kuhusu noti za juu.

"Baba, Bwana Taa anasema umezidisha."

"Mwambie aje aimbe sauti ya kwanza, tumwone."

Sasa binti alibonyeza noti moja moja, macho kwenye taa. Za katikati zilikuwa zimepanda ovyo, hii kidogo, ile sana. Mvua zilikuwa zimevimbisha mbao. Akasogea juu akitarajia mabaya zaidi, maana katika mwaka wake wa mwisho masikio ya baba hayakushika tena sauti nyembamba. Nyumbani birika lingepiga filimbi asilisikie, mpaka mtu amguse bega.

Taa zilitambaa kulia kidogo tu. Noti iliyofuata, kidogo zaidi. Iliyofuata, kidogo zaidi ya hapo. Nyuzi chache zilikuwa zimeteleza, lakini nyingine zote zilipanda kwa mpango mmoja mpaka kwenye noti ya mwisho kabisa, hakuna iliyoruka, hakuna iliyorudi nyuma, kama mstari uliochorwa bila kuinua kalamu. Akarudia tangu mwanzo. Yale yale.

"Mama," alisema, "baba alikuwa hasikii huku juu. Aliwezaje?"

Mama akacheka, akajifuta macho kwa kiganja.

"Nani kakwambia alisikia? Wewe ulidhani namfuata kazini kumbebea chai?"

"Si ndivyo ulivyokuwa unasema?"

"Ulitaka niseme nini? Fundi mzima anaazima masikio kwa mkewe? Alikuwa anakaza huku ananitazama. Mkono wangu ukiwa juu, anaendelea. Nikiushusha, anaacha. Wala hatukuongea."

"Kwa hiyo mimi nilikuwa nabishana na..."

"Na mimi. Nakusikia, najikalia kimya."

Binti alizitazama zile nyuzi fupi, nyembamba kama unywele, na mtu aliyekaa dirishani, mtu ambaye maishani mwake hakuwahi kushika spana.

Mama akainuka, akabonyeza noti ya katikati. "Na hizi?"

"Hizo alizikaza mwenyewe. Ndizo zilizoharibika."

Mama aliisikiliza sauti ile mbovu mpaka ikafa yenyewe ndani ya mbao. Akaibonyeza tena, akaisikiliza tena.

"Basi mvua imeshamchukua hapa," alisema. "Wala haikuniomba ruhusa." Akarudi kitini. "Kaza, mwanangu."

Binti alikaza na kulegeza sehemu yote ya katikati kwa msaada wa Bwana Taa, na Bwana Taa alifanya kazi yake vizuri, haki yake apewe. Walipofika juu, kwenye nyuzi zilizoteleza, mama alifumba macho na kuinua mkono bila kuombwa.

Uzi wa kwanza, mwanzoni kabisa mwa zile za juu ambako kuzidi kulikuwa kwa chembe tu, taa zilisimama na mkono ukashuka papo hapo. Wa pili vilevile. Binti akatupa jicho kwenye taa, kisha mkononi: chuma na nyama, kimoja hakikujua habari za mwenzake, na vyote vimefika mahali pamoja.

Kwenye noti ya mwisho kati ya zilizoteleza, ya juu kuliko hizo zote, taa zilisimama. Mkono ulibaki juu.

Binti alisubiri. Taa hazikutikisika, na mkono nao haukutikisika. Akaisukuma spana kiasi ambacho mtu mwingine asingekiona. Taa zikaanza kutambaa kulia. Mkono ukashuka.

Akaibonyeza noti ile pamoja na dada yake wa chini, noti ya jina lilelile. Sauti ilitoka moja, ikapanda mpaka darini, ikakaa huko, na ukumbi mzima ukawa kama umevuta pumzi.

"Hapo," mama alisema, macho bado yamefumbwa. "Usiguse tena hapo."

Binti akachomoa spana.